Neno la Baba kwenye Kioo Cheusi

Haya, chekeni! Chekeni mpaka mbavu ziwaume, halafu mnisikilize. Najua mkiingia chumbani kwangu mnaiona ile kompyuta yenye mgongo mkubwa, kioo cheusi, herufi za kijani, hakuna picha hata moja, na mnaanza kunong'onezana, "Bibi bado anatumia DOS." Ndiyo, bado naitumia! Nimeiwasha leo asubuhi kabla chai haijapoa, na kesho nikiamka mzima nitaiwasha tena. Barua zangu ziko humo, mapishi yangu yamo humo, na haya mnayoyasoma nayaandikia humo humo. Simu zenu kila mara zinadai kusasishwa, zinadai nafasi, zinadai nywila mpya. Hii yangu haidai kitu. Inawaka, inapepesa kale kamstari kake, inangoja niseme ninataka nini.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho alichonifundisha baba yangu. Alianza kufanya biashara Mombasa na Unguja kabla sijazaliwa, na akija nyumbani kisiwani kwetu, hapa Mutsamudu, alipenda kuzungumza nami lugha hiyo tukiwa wawili, mama asijue tunamsengenya nani. Mama alijua, bila shaka. Wake hujua siku zote.

Kazi yangu ilikuwa kompyuta, tangu usichana hadi nilipostaafu. Nilianzia kwenye ofisi moja karibu na bandari ya Mutsamudu iliyokuwa ikinunua mafuta ya langilangi na karafuu kwa wakulima. Jengo zima lilinukia kama bi harusi. Makao makuu ya kampuni yalikuwa Moroni, kisiwa cha pili, kwenye kichochoro kimoja cha mtaa wa Badjanani, karibu na msikiti wa kale. Kila ofisi ilikuwa na kompyuta moja ya namna ile ile, na aliyenifundisha kuitumia alikuwa Mzee Mlaili, mtu aliyekuwa zamani afisa wa redio melini.

Laiti mngemjua! Alikuwa mfupi, mkali, msafi kupita kiasi, na aliiamkia kompyuta kila asubuhi kama mtu. Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu. Disketi zetu tulizihifadhi kwenye kopo la biskuti, ndani tumetia mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu, na karafuu chache ili sisimizi wasije. Usicheke! Sisimizi wa Mutsamudu wanapenda joto la mashine kuliko sukari. Kichwa cha kusomea disketi tulikisafisha kwa pamba na marashi ya kolonya, kwa sababu spirti safi haikupatikana, na Mzee Mlaili alitumia marashi yake mwenyewe ya Ijumaa. Umeme ulikuwa ukikatika bila kuaga, kwa hiyo alinizoesha kuhifadhi kazi kila nikimaliza aya. "Umehifadhi?" angepaza sauti kutoka chumba cha pili. Nikimletea chai, "Umehifadhi?" Nikimuaga jioni, badala ya kwa heri, "Umehifadhi?" Siku moja nilimsikia akimuuliza hivyo mke wake, naye mke akamjibu, "Wali umo chunguni, Mlaili, umehifadhiwa."

Kuna kisa kimoja kinanivunja mbavu mpaka leo. Sisi huku tunatumia kibodi za Kifaransa. Sasa, DOS ikiamka bila lile faili dogo la kibodi, inadhani iko Marekani: unabonyeza A inaandika Q, unabonyeza M inaleta alama ya nukta na mkato. Asubuhi moja Mzee Mlaili aliwasha mashine kwa disketi ya akiba, akakaa, akaandika salamu kwa Moroni. Kiooni ikatokea: Qssqlq;u qleiku;. Akafuta, akaandika tena. Yale yale! Mlinzi wa ofisi akachungulia, akaona, akatoka mbio kumwita fundi wa chuoni, mwalimu wetu wa Kurani, aje kusoma Yasini. Fundi akaja kweli, na ubani. Mzee Mlaili alikuwa ameshagundua kosa, lakini kwa heshima ya mgeni akamwacha asome mpaka mwisho, kisha ndipo akaingiza faili la kibodi. Salamu ikaandikika vizuri. Fundi akaondoka na sifa zake, na kwa muda mrefu akawa anaitwa kwenye ofisi za mji kila mashine ikigoma.

Basi wanangu, hayo ndiyo mazingira. Sasa niwaambie kwa nini mashine hii naipenda hivi.

Mlisoma shuleni kwamba kisiwa chetu kilijitangaza kuwa kimejitenga. Kusoma ni jambo moja. Kukaa Mutsamudu wakati ule, ukiwa na nusu ya watu wako Moroni, ni jambo jingine kabisa. Vijana wenye bunduki walikuwa wanapita ofisini kukusanya vifaa. Walipofika kwetu waliichukua kompyuta mpya ya meneja, yenye rangi na spika, wakaikumbatia kama mtoto. Kisha mmoja akasimama mbele ya yangu. Ilikuwa imewaka, kioo cheusi, kamstari kanapepesa.

"Na hii?" akauliza.

Mwenzake akainama akatazama. "Hii imekufa."

"Inna lillahi," akaitikia Mzee Mlaili kwa huzuni kubwa, mikono kifuani.

Wakaiacha! Walipotoka tulicheka mpaka tukakaa chini. Mzee Mlaili hakuishi kuuona mwisho wa mambo yale; alitutoka mwaka uliofuata, Mungu amrehemu, na ofisi akaniachia mimi.

Halafu simu za kwenda Moroni zikakatwa. Hapo ndipo mnapaswa kukaa vizuri, kwa sababu hapo mashine yangu ilipanda cheo. Mzee Mlaili, kwa ule ubaharia wake, alikuwa ameunganisha kompyuta na redio ya masafa marefu kupitia kisanduku kidogo cha modemu. Unaandika maneno, kisanduku kinayageuza kuwa sauti, redio inaitupa sauti angani, na upande wa pili kisanduku kingine kinairudisha kuwa maneno. Sauti yenyewe ilikuwa kama vifaranga wanaogombania chenga. Herufi zilikuja polepole, mstari baada ya mstari, lakini zilikuja.

Upande wa Moroni alikuwapo Abdu, mwenzangu wa kazi, kijana mtulivu wa Badjanani. Kampuni ilikuwa imemletea kompyuta mpya yenye madirisha na panya, na ikamwagiza aipeleke ile ya zamani stoo. Aliipeleka kweli. Akaiweka juu ya makasha ya vanila, akavuta waya wa redio mpaka huko, akaiwasha. Ile mpya haikuwahi kuelewana na kisanduku cha modemu. Fundi wake alisema kuna programu inayohitajika kutoka ng'ambo, na ng'ambo wakati ule ilikuwa mbali kweli. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri Abdu alikuwa akiingia stoo, nami nakaa mbele ya kioo changu, tunaitana kwa DOS ile ile ya siku zote. Tulianza na uzito wa mafuta na nafasi kwenye boti. Haukupita muda, watu wakajua. Wakaanza kujipanga nje ya dirisha langu: mwambie mama nimejifungua salama, mwambie kaka asije kwanza, muulize kama babu amepona. Nilikuwa nikifika nyumbani sauti imenikauka kwa kusoma majibu kwa nguvu ili wote wasikie. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyoifurahia miezi ile.

Na katika miezi hiyo hiyo nikachumbiwa.

Mchumba wangu alikuwa Mmadi, mtu wa Itsandra, kwenye kisiwa cha Ngazidja, hicho hicho chenye Moroni. Alikuwa fundi wa matanuri ya kuchemshia langilangi mpaka itoe mafuta, na wenzake wa Ngazidja walipoondoka Mutsamudu kwa hofu, yeye alibaki. Alisema matanuri hayaachwi katikati ya msimu. Mimi nilijua haikuwa matanuri, na yeye alijua kwamba najua. Nilimpenda, nasema wazi, uzee unaniruhusu.

Lakini fikirieni mambo yalivyokuwa. Mwanamume wa Ngazidja anaoa Mutsamudu wakati ule! Majirani walikuwa na maneno kuliko redio. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Baba alikuwa Moroni, kwenye duka lake la vitambaa mtaani Magoudjou, hawezi kuja. Nilimpelekea barua kwa mtu wa boti kumwomba radhi yake. Barua ikaenda, jibu halikurudi. Nikamwomba Abdu amtafute, akakuta duka limefungwa. Kadhi wetu akaniambia kwa upole kwamba sheria inamruhusu yeye kuniozesha, kwa kuwa walii wangu, yaani baba, yuko mbali na njia hakuna. Nikakataa. Kadhi akashangaa, mama mdogo akalia, mimi nikakataa katakata. Bila neno la baba watu wangesema amenikana kwa sababu ya Mmadi, na ningeishi na usemi huo maisha yangu yote. Mbaya zaidi, sikujua kama kweli hakunikana. Kimya cha barua ile kilikuwa kinanitafuna.

Siku ya ndoa ilikuwa imewekwa na haikusogezeka, maana mjomba wake Mmadi, ndugu pekee aliyekuwapo wa kumsimamia, alikuwa anaondoka kwa boti kesho yake asubuhi na hakuna aliyejua boti nyingine itatoka lini. Watu wamealikwa, mchele umeanza kuoshwa. Na jioni iliyotangulia ndipo Abdu akaniandikia: NIMEMPATA BABA YAKO. KESHO BAADA YA ALASIRI NAMLETA STOO, PAMOJA NA MASHAHIDI WAWILI.

Nilipiga kelele hadi mlinzi akaingia na rungu.

Sasa oneni balaa. Kesho yake baada ya alasiri mimi ni bi harusi! Uso umepakwa liwa, mikono imetiwa hina na kufungwa vitambaa mpaka viwikoni, nimekaa ndani na kwetu bi harusi hatoki nyumbani kabla hajaozwa. Na mji mzima hakuna mwingine anayejua kuitumia mashine ile. Mmadi anajua mvuke na kuni, basi. Mama mdogo wangu Moinasha, aliyenilea baada ya mama kufa, akatembea chumbani huku na huku, kisha akasimama.

"Vaa shiromani," akasema. "Ndani ya shiromani sisi sote ni mtu mmoja."

Akanifunika shiromani nyekundu tangu utosini hadi miguuni, na yeye akavaa yake, tukapita vichochoroni wanawake wawili wasiojulikana, mimi nimeinua mikono yangu ndani ya nguo nisiguse ukuta. Tulikutana na mama wa jirani, akatusalimu, akamwambia mama mdogo, "Nakuja kwenu sasa hivi kumwona bi harusi." Mama mdogo akamjibu, "Karibu, yuko ndani amekaa." Karibu nianguke kwa kicheko.

Ofisini kadhi alikuwa ameshafika. Umeme haukuwapo, mafuta ya mitambo yalikuwa yamekwisha mjini, kwa hiyo tulikuwa na betri ya gari. Betri yenyewe ilikuwa ya gari la kadhi, nalo gari la kadhi lilikuwa linasukumwa kila asubuhi. Niliitazama taa ya redio, nikaona mwanga wake si wa kuaminika. Nikamwambia mama mdogo akae kwenye kiti changu, nami nikasimama nyuma yake. Yeye hakuwahi kugusa kibodi. Nikamwelekeza kitufe kimoja kimoja, akawa anabonyeza kwa kidole cha shahada kama anayeonja mchuzi wa moto. Programu ikafunguka. Vifaranga wakalia. Kiooni: ABDU HAPA. BABA YUKO HAPA. MASHAHIDI WAKO HAPA.

"Haraka," nikasema, "andika: Baba, unamruhusu kadhi aniozeshe?"

Mama mdogo akageuka, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Bila salamu? Nimvamie shemeji yangu kama mgambo?"

"Mama mdogo, betri!"

"Betri itanipa adabu?"

Akaandika KWEZI, ile salamu yetu ya heshima. Dakika hazitoshi kuwaeleza alivyoitafuta ile Z. Ikaenda. Tukangoja. Ikarudi MBONA, ndilo jibu la KWEZI kwetu, na baba naye, kwa adabu zake, akauliza hali. Mama mdogo akajibu hali. Akauliza kuhusu kifua cha baba, kama kimepona. Kimepona. Akauliza kuhusu mke wake wa Moroni. Baba akamshukuru, akauliza kuhusu paa la jiko, kama limezibwa kabla ya mvua. Limezibwa. Kila mstari ukienda, taa ya redio inafifia, inarudi, inafifia zaidi. Mimi narukaruka nyuma ya kiti na mikono juu. Na kadhi, badala ya kunisaidia, akainama akasema, "Mwambie na mimi namsalimu sana."

"Kadhi!" nikapaza sauti. Bi harusi hapazi sauti.

Hapo kadhi akakumbuka kazi yake. Akajikohoza, akasema, "Haya ni maandishi kwenye kioo. Nitajuaje ni yeye? Muulize hivi: yule mbuzi wa fundi wetu wa chuoni, jina lake nani?" Kadhi na baba walikuwa wamesoma chuo kimoja utotoni.

Mama mdogo akaandika. Tukangoja. Jibu likatokea taratibu, Abdu akimwandikia baba kama anavyosema: FUNDI HAKUWA NA MBUZI. ALIKUWA NA BATA MZINGA. ALIKUKIMBIZA UKAPANDA UKUTA UKALIA MPAKA WAKAJA KUKUSHUSHA.

Kadhi akasoma mara mbili. Masikio yakamwiva. "Ni yeye," akasema. "Endelea."

Sasa ndiyo yenyewe. Kadhi akasema maneno kwa utaratibu wake, mama mdogo akayaandika, yakaenda: je, unaniwakilisha mimi nimwozeshe binti yako Eshata kwa Mmadi wa Itsandra, kwa mahari waliyokubaliana? Taa ikawa nyekundu ya kaa la moto linalozimika. Nilisimama nimeuma shiromani kwa meno. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ndiyo na nimejitayarisha kwa hapana. Jibu lililokuja sikuwa nimelitayarisha kabisa.

HUKU NINAAMBIWA ANAOZWA ILI MMADI AACHWE AKAE KWA AMANI. WENGINE WANASEMA HAMTAKI. NINAMTAKA ESHATA ANIJIBU MWENYEWE.

Kadhi akatabasamu, hili alilijua vizuri. "Mwari kunyamaza ndiyo idhini yake," akasema. "Amenyamaza. Mimi ni shahidi. Mwandikie amenyamaza."

Ni kweli, wanangu, ndivyo ilivyokuwa. Kadhi au walii anauliza, msichana anainamisha uso, ananyamaza, wanawake wanapiga vigelegele. Hakuna bi harusi aliyefungua mdomo. Aliyefungua angeonekana hana haya. Mama mdogo akaandika AMENYAMAZA.

Baba akajibu: MKIZIMIKA BETRI PIA MTAKUWA MMENYAMAZA. HUKO NYUMBANI NINGEUONA USO WAKE. HAPA SIONI KITU. AJIBU.

Kadhi akashika ndevu, akatazama kile kioo cheusi kwa heshima mpya. Alikuwa amekwama, maana baba alikuwa na haki: kwenye kioo kile kimya cha msichana anayekubali, kimya cha msichana anayelia, na kimya cha waya uliokatika, vyote vinafanana. Mama mdogo akaona aibu inataka kuniangukia, akawahi kuniokoa, akaandika kwa kidole chake: ANAMTAKA.

Jibu likaja upesi kuliko yote: MOINASHA, SIKUKUULIZA WEWE.

Nikaanza kufungua vitambaa. Mama mdogo akaruka. "Eshata! Hina haijashika! Itafifia, watasema ndoa imefifia!"

"Na waseme."

Nilivuta kwa meno, kitambaa cha kulia, kitambaa cha kushoto. Hina ilikuwa bado mbichi, inang'aa. Mama mdogo akainuka kitini bila kuambiwa. Nikakaa. Wanangu, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kila siku, nimetuma vifo na vizazi vya watu, magunia na mapipa, sijawahi kusita. Siku ile vidole havikutaka kutua. Nyuma yangu yuko kadhi, nyuma yangu yuko mama mdogo, na nilichokuwa nataka kukiandika hakijaandikwa na mwanamke yeyote niliyemjua. Yote ya mwanzo yalikuwa kwa lugha ya kisiwani; haya nikayaandika kwa Kiswahili, ile lugha yetu sisi wawili, ili ajue hakuna mwingine aliyekaa hapa.

NI MIMI BABA. HAKUNA ALIYENILAZIMISHA. NINAMTAKA MMADI. NA RADHI YAKO PIA NINAITAKA.

Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Vifaranga wakalia mara moja, wakakatika. Taa ikafifia mpaka nikadhani imekwisha. Nilijua kila kitu kuhusu mashine ile na sikujua kama maneno yangu yamefika au yamemwagika baharini kati ya visiwa viwili. Kadhi alikuwa anasoma dua chini kwa chini, labda kwa ajili ya betri yake. Mama mdogo amenishika bega, kucha zimeniingia.

Halafu kale kamstari kakasogea. Herufi moja. Herufi nyingine. Zilikuwa zinakuja kwa shida, zimepishana, na mara moja nikatambua kwamba Abdu siye anayeandika. Abdu alikuwa mwepesi. Huyu alikuwa mtu anayetafuta kila herufi, anakosea, anafuta, anatafuta tena, mzee wa duka la vitambaa amekaa juu ya kasha la vanila mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza maishani mwake.

MWANAGU. NIMESKIA. RADHI UNAYO. KADHI MWOZESHE

Nukta haikuja. Kioo kikazimika, taa ya redio ikazimika, betri ya kadhi ikawa imemaliza kazi yake duniani. Hakuna aliyejali! Mama mdogo alikuwa ameshapiga kigelegele kilichofika bandarini, mlinzi amekuja na rungu lake, watu wa dirishani wanauliza kuna nini, na kadhi anasema, "Nimewakilishwa, nimewakilishwa, mmesoma wenyewe!" huku akifuta macho kwa kofia. Akanitazama, akataka kuniambia jambo la adabu kuhusu bi harusi anayejibu kwa kinywa chake, akaacha.

Niliozwa baada ya sala ya magharibi, mikono yangu ina mabaka kama ya mtoto aliyecheza na udongo, na wanawake walinong'onezana juu yake wiki nzima. Mimi sikuwasikia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha bi harusi, kicheko kimenijaa mpaka kooni, nikiwaza jambo moja tu: katika harusi ile yote, iliyopangwa na mtaa mzima, kuna mtu mmoja aliyeniuliza.